Ndabaneze, Mjuzi wa Ngome za Angus

Inatangazwa kwa heshima zote zinazostahili, kwa wakaaji wa Baraka na Fizi, kwa wavuvi wa Swima, kwa wenye mashamba wa Makobola, na kwa wote waliotawanyika rasi ya Ubwari mpaka kwenye ncha yake, pale ambapo hata tangazo hufika kwa mtumbwi na limeshaloa: teritwari yetu imempata mtaalamu. Si wa kipindupindu, hao tunao. Si wa amani, hao huja kila mwezi na chupa zao za maji. Huyu ni mtaalamu wa vivutio vya kihistoria na vya asili vya kaunti ya Angus, katika nchi ya Écosse, ile ambayo vitabu vya Kiswahili huiita Uskoti. Anazijua ngome zake, abasia yake ya watawa wa kale, maporomoko yake na mabata bukini wake. Anajua bustani ipi ilipandwa mwaka gani na kwa amri ya nani. Anaitwa Ndabaneze, mkimbizi wa Burundi, fundi matofali, baba wa watoto wanne, bloku ya kumi na mbili, nyumba ya shitingi, yaani turubai la plastiki, yenye kiraka cha gunia la mbaazi. Angus hajafika. Mahali pa juu kabisa alipowahi kupanda kwa ngazi ni ngazi tano za ofisi ya kambi, na hata hizo aliambiwa ashuke asubiri chini.

Historia yake ni fupi, kwa sababu kila alipotaka kuirefusha kuna mtu alikuja na panga. Alizaliwa kusini mwa Burundi, juu ya kilima ambacho hakikuwa cha ukoo wao. Babu yake alikuwa mugererwa, yaani mtu asiye na ardhi anayekwenda kwa mwenye kilima kuomba kipande cha kulima. Kuomba huko kuna adabu zake. Huendi mikono mitupu, na zaidi ya hapo huendi kichwa kitupu. Kabla hujafungua mdomo kuhusu shamba, unamtajia mwenye kilima mababu zake, chemchemi zake, vita alivyoshinda babu yake, hata fahali wake aliyekufa mwaka wa njaa. Mwenye kilima akisikia hayo moyo unalegea, anasema huyu si mgeni, huyu anatujua. Babu alipata shamba kwa njia hiyo. Ilimchukua masika mawili kujifunza ukoo wa watu, na wa kwake akausahau katikati.

Mwaka 1993, mwezi wa kumi, baba yake Ndabaneze aliuawa. Mtoto alikuwa na miaka tisa. Mama akambeba mpaka Tanzania, wakakaa kambini hadi akaota ndevu. Mwaka 2008 wakarudishwa kwa malori, kila familia na ndoo yake mpya, wakalikuta shamba lina mwenyewe mwingine, na huyo mwenyewe ana shemeji serikalini. Mwaka 2015 kaka yake alichukuliwa kibarazani akinyolewa, nusu ya kichwa ikiwa tayari, na hakurudi kumaliziwa nusu ya pili. Ndipo Ndabaneze akavuka ziwa akaja kwetu Fizi na mkewe Cassilde, binti yao Kaneza mgongoni na mwingine tumboni. Wenyeji wa Fizi, ambao wenyewe wamekimbia mara nyingi mpaka masufuria yao yanajua njia, waliwapokea kama wanavyoipokea mvua: hawakuiita, hawakuifukuza.

Kambini akajifunza kitu kinachoitwa récit. Récit si maisha. Maisha yana matope. Récit ni maisha yaliyofuliwa na kupigwa pasi, ambayo mkimbizi anayavaa kila anapoitwa ofisini, na sheria yake ni moja: tarehe hazihami. Ukimwambia karani wa kwanza kwamba baba yako aliuawa mwezi wa kumi, basi hata baba mwenyewe akifufuka na kuapa kwamba ilikuwa wa kumi na moja, wewe mkatalie. Récit ya Ndabaneze ilikuwa safi. Aliitoa mara sita mbele ya makarani sita, na haikuhama hata siku moja. Kama angeendelea hivyo, mimi nisingekuwa na cha kuandika, naye angekuwa mbali.

Basi siku moja ubao wa matangazo ukatoa majina ya familia zitakazoitwa kwa interview ya kupelekwa nchi ya tatu. Familia ya Ndabaneze ilikuwemo. Walipewa wiki sita. Kambini wiki sita ni muda wa kutosha kabisa wa kuharibu jambo zuri.

Uharibifu ulianza na Casimir, dereva. Casimir alikwenda kumpokea madame mpya atakayefanya zile interview, akabeba sanduku lake, na kwenye mpini wa sanduku akaona karatasi ya ndege imeandikwa jina la mji wa Écosse. Alipokata kiu yake pale Baraka sokoni, akatangaza:

"Ule madame iko mutu ya Écosse. Mi mwenyewe nilisoma."

Kufikia saa ya ugali kambi nzima ilijua. Wengi walisema sawa, Écosse, iko wapi, wakaendelea kumenya mihogo. Ndabaneze hakulala sawasawa. Alimkumbuka babu yake. Mwenye kilima amefika, alijiambia, na mimi sijui jina hata moja la chemchemi yake.

Hapo ndipo Anatole anaingia katika habari hii, kama mbuzi anavyoingia kwenye bustani ya mchicha. Anatole ni mtoto wa Baraka. Alisoma Kiingereza chuoni miaka miwili, akarudi bila diploma lakini na miwani, na tangu hapo watu humwita Prof, wengine kwa heshima na wengine kwa sababu ni fupi. Miaka michache nyuma alinunua kwenye balo la mitumba koti zito la mvua, la kijani, lenye vifungo vya mbao. Baraka hakuna baridi. Joto letu linaweza kukausha samaki wa ndagala ndani ya mfuko. Lakini profesa asiye na koti ni mwalimu tu. Ndani ya mfuko wa koti hilo alikuta kitabu chembamba chenye rangi, kimepitia kwenye maji ya sabuni, picha zake nyingi zimefutika lakini maandishi yamebaki: vivutio vya kutembelea katika kaunti ya Angus, Écosse.

"Baba Kaneza," Anatole alimwambia, "Mungu hafanyi mambo bule. Koti ilitoka kule, madame anatoka kule. Maswali yote iko humu ndani."

"Yote?"

"Kama haiko humu, haiko Écosse."

Wakapatana. Anatole alikuwa na msingi wa nyumba uliokaa miaka ukiota majani, mbuzi wa jirani wakiutumia kama maktaba. Ndabaneze angefyatua na kuchoma matofali. Kwa kila kivutio kimoja, mstari mmoja wa matofali kuzunguka nyumba nzima. Ndivyo ilivyokuwa kwamba ngome za Écosse, zilizokaa mamia ya miaka bila kumsaidia mtu yeyote wa Fizi, zilianza hatimaye kujenga kitu.

Masomo yalifanyika kando ya mto Mutambala, kwenye shimo la udongo. Ndabaneze alikanyaga matope mpaka magotini, suruali imekunjwa, na Anatole alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, koti mapajani, kitabu mkononi.

"Arbroath," Prof alisema.

"Abasia. Ilianzishwa na mufalme William, ule banaita Simba, mwaka elfu moja mia moja sabini na nane."

"Na mwaka elfu moja mia tatu na ishirini?"

"Mwezi wa ine. Bakubwa ba inchi baliandikia Papa wa Roma barua."

"Barua ya kuomba nini?"

"Babaachie inchi yabo."

"Na Papa alijibu nini?"

Ndabaneze akasimama katikati ya matope. "Prof, ile haiko mu kitabu."

"Basi hawataiuliza. Kanyaga. Dunnichen."

"Vita. Mwaka mia sita themanini na tano. Mufalme wa kusini alikuya na jeshi, akakufa na jeshi yake."

"Nani alishinda?"

"Benye kilima."

Kitabu kilisema pia kwamba wasomi bado wanabishana kama vita vilipiganwa kwenye kilima hicho au kingine, na kwamba juu ya kilima kumewekwa jiwe la ukumbusho kwa wapitao. Anatole aliipita sentensi hiyo haraka. Watu wa kwetu hawabishani Makobola, walikouawa watu wetu wengi, iko wapi. Tunaipita na pikipiki, na anayejua anapunguza mwendo.

Cassilde alikuwa amefika na sufuria ya sombe ya majani ya muhogo. Cassilde ni mwanamke mwenye maneno machache, na kila moja lina mwiba kama samaki mbichi. Alisimama ukingoni akasikiliza.

"Na bale balishindwa," aliuliza, "bakimbizi babo balikimbilia kambi gani?"

"Mama Kaneza, tuko mu masomo," Anatole alisema.

"Ninauliza tu. Labda bangali kule."

"Aberlemno," Anatole alisema kwa sauti ya juu.

Ndabaneze akafunga macho. "Mawe ya zamani sana. Yamechorwa misalaba na farasi. Kila mwaka baridi ikikaribia, banayajengea masanduku ya mbao, kila jiwe na yake, juu ya baridi isiyaumize. Baridi ikiisha, banayafungulia."

Cassilde akaweka sufuria chini polepole. Mvua ya juzi ilikuwa imeingia kwenye nyumba yao kupitia kile kiraka cha mbaazi na kumlowesha mtoto wa mwisho kitandani.

"Jiwe linapewa nyumba ya mbao," alisema.

"Ndiyo."

"Lilifanya interview gani?"

Aliondoka, na Prof akamwambia mwanafunzi wake kwamba wanawake hawana historia.

Wiki ya tatu Ndabaneze alikuwa amevimba. Elimu ilimpanda kichwani kama pombe ya lutuku kwa mtu aliyefunga siku mbili. Bombani, wanawake wakipanga ndoo, alieleza maporomoko ya Reekie Linn bila kuombwa. Watoto wake walilala wakiimba miaka: bustani ya Edzell, yenye kuta, elfu moja mia sita na nne, bwana David Lindsay. Walipokosea aliwanyima kitanda mpaka wapate. Kaneza, aliyekuwa na miaka kumi na tatu na akili kuliko bloku nzima, alizishika zote kwa jioni mbili, kisha akafanya kosa la kumwamini baba yake: alimpa rafiki yake kuku wake wa pekee, kwa kuwa kuku hapandi ndege.

Ukurasa Ndabaneze alioupenda kuliko yote ulihusu ghuba ya Montrose. Kila mwaka mabata bukini wenye miguu ya waridi wanavuka bahari kutoka nchi za barafu, maelfu kwa maelfu, wanatua kwenye matope ya ghuba, na watu wa Angus wanakuja na darubini kuwahesabu. Wanafurahi wakiwa wengi. Wakiongezeka kuliko mwaka jana, wanafurahi zaidi. Alimwomba Anatole amsomee ukurasa huo mara nne, na mara ya nne alilipa mstari wa ziada wa matofali.

Jirani yake, Eloge, hakusoma chochote. Eloge alikuwa mjane, mtu wa kulala mchana, na jina lake lilikuwa kwenye ubao uleule. Siku moja alimkuta Ndabaneze akinong'ona peke yake nyuma ya nyumba.

"Baba Kaneza, unasali?"

"Ninasoma Glamis. Iko ngome. Banasema iko na chumba moja ya siri, na pepo ya mama moja anatembea mule."

"Sisi hapa mapepo yote tunayajua kwa majina. Unifundishe kidogo basi, ndugu."

Ndabaneze alimtazama kuanzia sandali zilizofungwa kwa waya hadi macho mekundu. Hapo ndipo alipofanya ubaya wake, maana mtu akipigwa miaka arobaini hutafuta naye pa kupiga.

"Eloge," alisema, "kichwa yako haiwezi kubeba hata mwaka moja. We utabaki hapa kuhesabu mbu. Tukifika kule nitakutumia picha."

Eloge akacheka, akaenda kulala.

Siku ya interview ilikuwa Ijumaa ya jua kali. Anatole, kwa ukarimu ambao hakuna aliyemwomba, alimwazima Ndabaneze lile koti. Madame akiona nguo ya kwao, alisema, moyo utayeyuka. Ndabaneze alivaa koti la mvua la Écosse, akafunga vifungo vyote vya mbao hadi kidevuni, akasubiri juani kwa saa tatu chini ya zile ngazi tano. Kilichoyeyuka hakikuwa moyo. Alipoitwa, alikuwa anatiririka kama mtu aliyeiba chumvi akavuka nayo mto.

Ndani kulikuwa na madame, mashine yake ya kuandikia, na Nadège, dada wa Uvira aliyekuwa akitafsiri. Nadège alimpa kiti.

"Papa, uko mugonjwa?"

"Hapana."

"Unaweza kutoa koti."

"Hapana. Niko vizuri."

Madame aliandika kitu. Kwa watu wa ofisi, anayetokwa jasho hivyo ama ana malaria ama ana uongo, na dawa za malaria zilikuwa mlango wa pili.

Maswali yakaanza, na hayakuwa ya Angus. Jina lako. Jina la mama. Ulizaliwa wapi. Ndabaneze alijibu upesiupesi, kama mtu anayepita kwenye nyumba za watu akienda kwake. Alikuwa akisubiri ngome.

"Madame anauliza, baba yako iko wapi?"

"Alikufa. Balimuua."

"Mwaka gani?"

Kichwani mwa Ndabaneze miaka ilikuwa imejipanga kama wanawake bombani, na wa mbele ndiye mwenye viwiko.

"Elfu moja mia tatu na ishirini."

Nadège hakutafsiri. Alimtazama. "Papa, sema tena. Mwaka gani balimuua baba yako?"

"Ee. Elfu moja mia... tisa. Tisini na tatu."

"Mwezi?"

Mara sita alikuwa amesema mwezi wa kumi. Ulikuwa kwenye makaratasi sita, kwa mihuri sita.

"Wa ine," alisema, yaani wa nne, mwezi wa barua ya Arbroath, na alipousikia ukitoka mdomoni alijua si wake, lakini hakuweza kukumbuka ulikuwa wa nani.

Madame akageuza karatasi nyuma, akageuza mbele. Aliuliza kwa upole kama ana uhakika. Aliuliza tena juu ya kaka, na kaka naye akachukuliwa mwaka usio wake. Ndabaneze aliona mkono wa madame ukisimama, akaona kilima kinamponyoka. Basi akafanya kile ambacho babu yake angekifanya. Akasimama, akakunja mikono ndani ya mikono ya koti, akainamisha kichwa.

"Dada, umuambie madame niko naomba ruhusa. Sikuya kuomba na kichwa mitupu. Mi najua kwabo."

Akaitoa yote. Mfalme William na abasia yake, benye kilima wa Dunnichen, mawe yenye masanduku, bustani ya bwana Lindsay, maporomoko, chumba cha siri cha Glamis, na mwisho mabata wa Montrose. Nadège alitafsiri hadi kwenye bustani, kisha akaacha kutafsiri, kisha akaendelea. Ilichukua robo saa. Hakukosea hata tarehe moja.

Madame alikuwa ameondoa vidole kwenye mashine.

"Anauliza, nani alikufundisha haya?"

Swali hilo Ndabaneze alilipokea kwa kifua. Hatimaye. "Professeur Anatole, wa Baraka. Tulisoma wiki sita."

"Anauliza kama alikufundisha sababu ya hii interview."

"Ndiyo. Njo sababu yenyewe."

"Na ulimulipa?"

"Na matofali," Ndabaneze alisema. "Sikubakisha hata moja. Anaweza kuuliza."

Sasa madame aliandika kwa muda mrefu. Katika ofisi ile hakuna dhambi kubwa kuliko kununua majibu. Mtu anaweza kusahau mwaka akahurumiwa. Mtu aliyefundishwa na kulipa hahurumiwi, maana hata machozi yake hayajulikani yametoka kiwanda gani. Alipomaliza aliongea maneno machache kwa Nadège, bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililokuwa baya.

"Anasema aksanti," Nadège alisema. "Anasema tena, yeye si mutu wa Écosse. Iko mutu wa Portugal. Kule Écosse alibadilisha ndege tu, mvua ilikuwa inanyesha. Na hii interview haina inchi, Papa. Inchi wanaitafuta nyuma, kama umepita."

"Portugal," Ndabaneze alisema.

"Ndiyo."

Akafikiri kidogo. "Iko na ngome?"

Nadège alimfungulia mlango.

Eloge aliingia mara tu baada yake, akiwa na harufu ya pombe ya jana yake. Alipoulizwa mke wake alikufa lini, alisema siku haikumbuki, anakumbuka kulikuwa na mvua, na kwamba alikuwa amemwambia asirudi nyumbani kuchukua blanketi, akarudi. Kisha akalia puani, vibaya, kwenye mkono wa shati. Ilichukua dakika kumi na moja. Tarehe zake zilikuwa ovyo tangu karani wa kwanza, na zilikuwa ovyo kwa namna ileile kila mara.

Majibu yalibandikwa baada ya miezi miwili. Kwa Eloge: amekubaliwa. Kwa Ndabaneze na watu watano wa nyumba yake: maelezo hayaaminiki, mhusika amefundishwa. Alikata rufaa. Rufaa nayo ikakatwa. Kaneza alikwenda kumwomba rafiki yake kuku, akaonyeshwa manyoya.

Cassilde hakupiga kelele. Kambi nzima ilitega masikio kupitia shitingi ikisubiri, ikakosa burudani. Alimtengea mumewe ugali, akakaa mbele yake mpaka amalize.

"Baba yako alikufa mwezi gani?" aliuliza.

"Wa kumi."

"Njo ungesema vile," alisema, akaondoa sahani.

Anatole alisikitika sana, kwa siku nzima. Alisema kosa ni la madame, ambaye hana utamaduni. Kwa kumpa pole mwanafunzi wake alimpa kazi ya kupiga plasta nyumba yake, ambayo sasa ilikuwa imesimama mpaka juu, mistari yote, Arbroath chini na Montrose karibu na paa. Ni nyumba nzuri. Ukipita Baraka utaiona. Kwa mtu anayeuliza vivutio vya teritwari yetu, ni ngome pekee ya Angus inayoweza kufikiwa kwa pikipiki.

Na Eloge akapanda ndege. Nchi ilipotafutwa, nyuma, yaani baadaye, kama Nadège alivyosema, ikatoka Uingereza. Na ndani ya Uingereza, Écosse. Na ndani ya Écosse, walipogawa familia huku na kule kama sabuni, Eloge akaangukia kaunti ya Angus, mji wa Arbroath. Jina hilo alishindwa kulitaja kwa simu, akalipiga picha. Kambi ilicheka siku tatu. Wale waliokuwa wakimwita Ndabaneze Prof mdogo walianza kumwita Bwana Bata, na watoto walipomwona walipiga mabawa. Aliyecheka kuliko wote alikuwa mwanamke mmoja aliyewahi kumnunulia chumvi amfundishe ngome mbili.

Kipindi cha mvua kilipita, kikaja kingine. Siku moja ya kazi, karibu saa saba mchana, Ndabaneze alikuwa juu ya ngazi ya miti akipiga plasta ukuta wa sebule ya Anatole, simu ikalia mfukoni. Ilikuwa video, ile inayokula mega za intaneti. Uso wa Eloge ulijaa kioo, umefunikwa kofia mpaka kwenye nyusi, midomo imepasuka kwa baridi.

"Baba Kaneza. Unanisikia?"

"Ninakusikia."

"Mi natoka kazi, tunachagua viazi, vibovu huku, vizima huku. Kila siku ninapita mbele ya kitu moja kikubwa, kyekundu. Nilizani banabomoa. Leo nikasema hapana, nitauliza ndugu yangu. Angalia."

Picha ikageuka, ikayumba, ikatulia. Kuta za mawe mekundu zilipanda juu kabisa kwenye anga la kijivu, na kwenye ukuta mmoja mrefu kulikuwa na tundu kubwa la duara. Ndabaneze alishuka ngazi bila kuangalia miguu yake. Anatole alikuja na miwani, na mafundi wawili wakaacha ndoo zao.

"Iko abasia," Ndabaneze alisema. "Ile dirisha ya muviringo, zamani balikuwa banawasha moto mule, juu ya bavuvi baone pwani. Upande ya kulia kaburi ya mufalme William. Ingia ndani."

"Kuingia banalipisha."

"Simama ku muryango basi. Inua simu. Nionyeshe juu."

Eloge akainua simu. Wote wanne waliinamia kioo. Juu kulikuwa na mawingu, na ndege mmoja akapita.

"Paa iko wapi?" Anatole aliuliza.

"Haina paa," Eloge alisema kutoka kule. "Iko kuta tu. Nilimuuliza muzee moja, anasema ilianguka zamani sana, banaiacha vile, bantu banakuya kuiangalia."

Kitabu kilikuwa na picha ya abasia, lakini sabuni ilikuwa imeila, na kwa wiki sita Ndabaneze aliijengea paa mwenyewe kichwani, la vigae vyekundu, akawaweka watoto wake wanne chini yake wakavu.

Uso wa Eloge ukarudi. Macho yalikuwa yamejaa maji, labda kwa upepo. Alivua kofia, akaishika kifuani kama mtu aliye kanisani, na aliposema sauti yake ilikuwa nzito, ya kuhubiri.

"Ndugu yangu, Mungu alichanganya majina yetu. Hapa njo mahali pako, mi ninajua. We uliisoma, mi nilikuwa nalala. Sema neno moja, lolote, nitalisema hapa kwa sauti, mbele ya hizi kuta, kwa jina yako. Bazungu basikie kama kuna mutu Fizi anabajua."

Anatole aliondoa miwani. Mafundi walisubiri. Plasta ilikuwa inaanza kukauka kwenye mwiko.

"Kata," Ndabaneze alisema. "Unanikulia mega."